Mwalimu Hatoi Jibu

Profesa Kihampa alizeekea kwenye fasihi ya Kiingereza, akiwanoa walimu kwa kanuni moja: mwanafunzi akiuliza, usimpe jibu, mrudishie swali.

Siku ya kumuaga, wanafunzi wake wa zamani, sasa wote walimu, walimshindilia maharage na maziwa mgando mpaka tumbo likachafuka katikati ya hotuba. Akamnong'oneza Nangale, aliyeketi kando yake, "Mwanangu, choo kiko wapi?"

Nangale akatabasamu kwa upole. "Kwani Profesa mwenyewe unaonaje?"

"Sina muda, mwanangu!" Profesa akapaza sauti, ukumbi wote ukasikia.

"Na kinachokufanya uone huna muda ni nini?"

Ukumbi mzima ukanyamaza kumpa nafasi ya kufikiri, kama alivyowafundisha. Profesa, magoti yamebanana, akautazama mlango wa kushoto, kisha wa kulia.