Vidole Vinne

Bi Rehani alining'iniza timazi, uzi wenye kitu kizito nchani, kutoka juu ya ukuta mpya wa chumba cha wajukuu zake. Juu uzi uligusa tofali. Chini uliachana na ukuta kwa vidole vinne.

"Kupinda kidogo kunaruhusiwa, bibi," alisema fundi Mwinshehe. "Plasta itaficha."

"Kinachoruhusiwa ni nusu kidole. Hivi ni vinne! Hiyo plasta itauzuia ukuta usianguke?"

"Kwani ujenzi umesomea wapi, bibi yangu?"

Bi Rehani alitandika mkeka chini ya ukuta, upande ulioinamia, akaweka na mto.

"Wajukuu zangu watalala hapa. Tangulia wewe."

Fundi alicheka, akavua kofia, akapiga magoti mkekani. Kisha akainua macho, akautazama ukuta, akainuka bila kulala.