Mlio wa Saa Mbili

Simu ililia saa mbili na dakika saba asubuhi, na fundi cherehani akaacha sindano katikati ya gauni la mtu. Ulikuwa ujumbe wa benki: kadi ile ile, duka la stendi, kiasi cha kununulia mkate mdogo na maziwa.

"Kashapata cha kunywea chai," alijiambia, na mguu ukarudi kwenye cherehani.

Miezi minane sasa, hiyo ndiyo ilikuwa salamu ya mwanawe. Kitinda, kama walivyomwita kwa kuwa ndiye wa mwisho, aliondoka na begi moja siku baba yake alipomwambia kwamba nyumba hii haifugi wavivu. Simu yake haikupatikana tena. Lakini alikuwa na kadi ya pili ya akaunti ya mama yake, na karibu kila asubuhi ilikuwa inagusishwa kwenye mashine ya duka lile. Mama alihakikisha haiishiwi.

Mumewe hakusamehewa. Ni kweli, wiki ile ile mzee alitoka kumtafuta mtoto, akakaa siku mbili, akarudi viatu vimegandwa na udongo mwekundu. "Sikumpata," alisema, kisha akakaa mlangoni kuvisugua mpaka jua likazama. Basi, ikaishia hapo. Tangu siku hiyo mke alimwekea chakula mezani bila kumkaribisha, na akimsalimia ni kwa sababu majirani wanasikia.

"Yule ana moyo wa jiwe," aliwaambia wateja. "Mtoto anaishi kwa mkate wa dukani, yeye kila asubuhi anakwenda kunyoosha miguu!"

Neno moja tu la mumewe ndilo alilolishika. "Usimfuate huko dukani, mama watoto. Akijua unamwinda atahama."

Kuna wakati simu ilinyamaza siku tatu. Mzee alikuwa kitandani na homa, naye alimuuguza shingo upande, jicho lote kwenye simu. Ilipolia siku ya nne alikuwa peke yake nyumbani. Alikosa hata wa kumwambia, akacheka na gauni la mteja.

Aliyemvuruga ni dada wa benki. Alikwenda kuweka fedha, dada akatazama kompyuta yake muda mrefu.

"Mama, kadi hii ya pili haijawekewa namba ya siri hata mara moja tangu mwezi wa tatu. Inagusishwa tu, tena kwa vijisenti."

"Si ndiyo raha yake? Mwanangu hapendi usumbufu."

"Ndiyo raha ya mwizi pia. Malipo madogo hayaulizi namba, yeyote aliyeiokota anagusisha. Mwenye namba angeshatoa pesa angalau siku moja. Niifunge?"

"Ukiifunga nitajuaje kama yu hai?"

Dada akaiacha kadi bila kuifunga.

Kesho yake, saa moja na nusu, alikuwa ndani ya duka la stendi, nyuma ya rafu ya sabuni. Alimwacha mumewe bafuni akinyoa ndevu. Kama ni mwizi, atamkaba koo mwenyewe. Kama ni Kitinda, hatamgombeza hata kidogo, atamwambia tu kwamba kitanda chake bado kimetandikwa.

Watu waliingia na kutoka. Alishika sabuni, akairudisha, akaishika tena. Kisha mashine ya malipo ikalia, na papo hapo simu ikatetemeka kiganjani mwake. Alitoka mbio nyuma ya rafu.

"Leo umechelewa, mzee," mwenye duka alikuwa akisema.

Mbele yake alisimama mumewe, mkate kwapani, amenyoa ndevu vizuri. Kadi ilikuwa juu ya kaunta. Hakuwa ameitoa kwenye kimfuko chake cha plastiki, mashine ilikuwa imeisoma humo humo. Kimfuko kilikuwa kimebandikwa karatasi iliyochakaa: jina la Kitinda, tarehe ya mwezi wa tatu, na mhuri wa chumba cha maiti.