Fomu Anayoruhusiwa

Sheria iliwaruhusu wauguzi wabobezi kusaini fomu moja tu, ya kifo. Fomu za matibabu zilimngoja daktari, naye alikuwa mmoja mkoa mzima. Ndiyo maana majirani walifunga milango kila Nesi Tumsifu alipopita.

Leo mama yake mwenyewe alikuwa kitandani, akitweta. Mtungi wa oksijeni ulikuwa hapo hapo pembeni, lakini kufuli yake ya kidijitali haifunguki bila saini ya daktari, na ombi lao lilikuwa la mia nne kwenye foleni.

"Mwanangu, si usaini wewe?"

"Sina ruhusa, mama."

Alasiri simu ikalia. Tumsifu akaidaka. Kwenye kioo ilikuwa fomu ile anayoruhusiwa kusaini, imeshajazwa jina la mama, ikisubiri dole gumba lake tu.

"Wamejibu?" mama akauliza, akijaribu kuketi.