Watu wa Aruna Hufa Sana

"Nani tena amekufa?" askari wa Mdachi aliuliza, akiegemea gogo lililofunga njia. "Ninyi watu wa Aruna munakufa sana!"

Wabebaji wa jeneza hawakucheka. Batuli akaangua kilio.

Kulia ndiyo ilikuwa kazi yake. Aliirithi kwa mama mkwe wake, aliyeianza Mdachi alipokataza pembe za ndovu kupita bila cheti. Pembe zinaviringishwa sanda, zinalazwa katika jeneza, zinatoka Rumonge na kuvuka kizuizi kuelekea makaburini, ambako mtumbwi unangoja. Wanawake hawafiki kaburini, kwa hiyo Batuli hulia mpaka hapa kwenye gogo, kisha hurudi kupika.

Leo alilia kwa hofu ya kweli. Siku tatu nyuma alimwona Swedi, mwanawe wa pekee, akinong'ona na askari huyuhuyu nyuma ya soko. Kijana alikuwa amechoka. Kazi hii ilimuua babake, na yeye hakutaka kuifia. Batuli akaenda kwa baba mkwe wake, Mzee Aruna, akamweleza yote. Alitaka amgombeze tu, basi.

"Umefanya vizuri, mwanangu," mzee alimjibu. "Wa nyumba moja hatufichani."

Jana jioni akamletea habari: "Swedi nimemuvusha ng'ambo ya ziwa, Ubwari, kwa wajomba. Atatulia."

Batuli alimshukuru mpaka akapiga magoti.

Asubuhi hii mzee alifunga mzigo mwenyewe, mlango umefungwa. Batuli, aliyezoea kushika kamba, aliambiwa akae nje. Sanda ilikuwa mpya, inanuka kafuri.

"Askari wana pua," mzee alisema.

Njiani machozi yalimtiririka mzee hadi ndevuni. Batuli akawaza: kumbe naye amejifunza kulia, tena ananishinda.

Askari akachomoa kisu.

"Leo nataka kumuona huyu marehemu wenu. Nimeambiwa ana meno marefu."

Basi Swedi alikwisha sema. Watamfunga mzee, watawafunga wabebaji, labda naye pia. Akafumba macho, akashika neno moja tu la kumtuliza: angalau mutoto wangu iko ng'ambo.

"Weka kisu," Mzee Aruna alisema.

Akapiga goti kando ya jeneza, akafungua fundo la sanda la kichwani kwa vidole vyake mwenyewe, polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala.

"Tazama. Ukishaona, usifungue jeneza letu tena."

Askari alitazama. Akarudi nyuma, akavua kofia, akaliondoa gogo.

Batuli akafumbua macho. Miaka tisa alilia mahali pale bila maiti. Leo aliuona uso wa Swedi, na sauti haikutoka.