Alhamisi Bila Kidonge

Kwa amri tukufu ya serikali, kila Alhamisi baada ya chakula cha jioni mume na mke walimeza kidonge cha hamu, na ubongo ukatii kama kuruta aliyesikia filimbi, hadi Alhamisi nyingine. Ndoa zikanona. Talaka ikabaki somo la historia.

Tunu alikuwa ameacha kumeza chake kwa siri miezi miwili, lakini hamu yake kwa mumewe, Mbwana, haikupungua hata chembe. Alhamisi hiyo akaifunika glasi ya maji kwa kiganja.

"Leo usimeze, Baba Saumu. Nataka nijue."

"Ujue nini? Mama Saumu, una vituko! Kwani huoni ninavyokupenda?"

"Nakiona kidonge."

Mbwana akacheka, akakirudisha kidonge koponi. Wakaketi kochi moja, mkono wa Tunu ndani ya wake. Baada ya nusu saa Mbwana akautazama ule mkono kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa abiria mwenzake, akaurudisha pajani kwa Tunu kwa adabu. Kisha akainuka, akamimina chai.

"Karibu chai, dada," akasema kwa upole wa kweli kabisa, wala hakusikia alichosema.