Pumzi za Mogire

Hata kwa mama wa mandazi hawajafika, Mogire alishakaa chini kando ya barabara, ulimi nje, akiomba aitiwe boda boda.

"Boda boda ya kwenda wapi?" Elvis akamwuliza. "Geuka uone. Si geti yako hiyo?"

Mogire akageuka, akaliona geti lake pale pale, akaona haya.

Alikuwa na miaka ishirini na saba, mgeni wa Homa Bay, kahamishwa na kazi kutoka Kisii juzijuzi, na kitambi chake kilimtangulia kila mlangoni. Wiki hiyo muuguzi alikuwa amempima presha, akasoma, akapima tena, kisha akamwuliza kama ana watoto. Anaye mmoja, Bitutu, ambaye hata meno hajaota. "Basi anza kukimbia," muuguzi akamwambia, "kama unataka akujue." Maneno hayo yalimnyima usingizi. Kulipokucha akamngoja getini yule kijana mwembamba aliyekuwa akipita mbio kila alfajiri, akamwomba amfundishe.

Elvis angeweza kukataa. Hakuwa mwalimu wa mtu, alipenda kukimbia peke yake, na vijana wa klabu ya mazoezi walipomwita wapige picha pamoja, alijifanya hasikii. Lakini mama yake, kule Sindo, aliliwa na ugonjwa wa sukari, mguu kwanza, kisha mwenyewe. Tangu hapo hakuweza kumtazama kijana mwenzake akishindana na soda na sahani ya chips bila kuumia rohoni.

"Samaki mkunje angali mbichi, omera," alisema.

"Kwani mimi ni samaki?"

"Kwa sasa wewe ni kiboko. Inuka."

Basi Mogire akaanza kuteseka. Chips zikafukuzwa nyumbani, wakaingia dagaa wa omena, nyoyo ya mahindi na maharagwe, na mboga ya osuga, chungu ya kukunja uso. Soda moja aliificha ndani ya ndoo ya nguo chafu. Elvis akaivumbua, akaimwaga uani huku Mogire akiitazama kama anayeaga maiti. Kulala ikawa mapema, kuamka kabla ya jogoo.

Na mbio nazo zilikuwa na masharti.

"Usikanyage na kisigino, unasikika kama trekta. Kanyaga na vidole. Vuta hewa na pua. Na usigeuke kuangalia nyuma, utapoteza mwendo. Sikiliza tu na masikio."

"Nisikilize nani? Si tuko wawili tu?"

Elvis akacheka. "Mbio haikosi mtu wa nyuma."

Barabara kuu hakuipenda. Alimpitisha Mogire kwenye vichochoro vya Makongeni, kimoja baada ya kingine, akimwonyesha kipi kina mtaro, kipi kina mbwa, na kipi kinaishia ukutani. Siku moja, wakipumzika chini ya mlima Asego, Mogire akauliza, "Kocha, kwani unafanya kazi gani, hata mwili haukusumbui?"

"Niko kwa mambo ya simu. Nazunguka sana. Bila miguu, sili. Na wewe?"

"Mimi ni wa serikali. Nahudumia wananchi. Wameniweka kwa dawati, nakaa mpaka miguu inakufa ganzi."

Elvis alimwonea huruma. Akamchukulia kuwa mmoja wa wale wa kupiga mihuri, wala hakuuliza zaidi. Yeye upande wa ofisi za serikali hakuwa na shida nao.

Mvua za masika zikaja, zikaisha. Mshipi wa Mogire ukatobolewa tundu jipya, kisha jingine. Mama yake alipokuja kumtembelea kutoka Kisii, alimkuta mlangoni bila kitambi, akaangua kilio, akauliza ni ugonjwa gani huo ambao watoto wa siku hizi wanawaficha wazazi wao. Muuguzi naye alimpima mara mbili tena, safari hii akidhani mashine imeharibika.

Halafu ikafika asubuhi ambayo Elvis alipanda Asego akamkuta Mogire keshafika juu, kasimama, anamngoja.

"Umechelewa, kocha."

Elvis alicheka hadi machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Alijisemea moyoni kwamba mama yake angempata mtu wa kumwamsha hivi akiwa kijana, leo angekuwa kibandani kwake, akimgombeza mteja juu ya bei ya samaki wake wa ngege.

Jumamosi iliyofuata, jua la mchana likiwa utosini, Elvis alikuwa mbioni tena. Soko lilifurika. Akina mama wa samaki walisimama na kupiga kelele alipowapita, naye akakata kona, akaingia kwenye kichochoro cha kwanza, vidole vikigusa ardhi kidogo tu.

Nyuma yake akasikia miguu. Hakugeuka. Miguu ilikuwa myepesi, haina kishindo cha kisigino hata kimoja, na pumzi ilikuwa ya pua, tulivu, iliyopangwa vizuri. Pumzi hiyo aliijua. Aliijenga mwenyewe, asubuhi baada ya asubuhi, na japo mapafu yalikuwa yanamwaka moto, alijisikia fahari.

Akaongeza mwendo. Miguu ya nyuma nayo ikaongeza. Akaruka mtaro, nayo ikaruka. Akakwepa kichochoro cha mbwa, akachepukia cha pili, akasikia imeshapita njia ya mkato. Kisha mkono ukamshika ukosi wa shati, taratibu, kama wa rafiki.

"Asante sana, kocha," Mogire akasema bila hata kuhema, akichomoa pingu kiunoni kwa mkono wa pili. "Sasa lete simu ya yule mama wa samaki."