Kofia ya Rubani

Shomoro mwenye unyasi mdomoni alipita juu ya abiria, akazama ndani ya injini ya ndege iliyolala uwanjani wiki nzima.

Mmoja wao, binti aliyekuwa akisomea uzamili wa usalama wa anga, akainua mikono, akaipishanisha juu ya kichwa, ishara kwa rubani: usiwashe injini.

Rubani, baba yake mdogo, akachungulia dirishani. "Shahada hujaipata, umeshaanza kuamrisha wazee?"

"Shikamoo, baba mdogo. Naomba ushuke."

Mikono yake haikushuka.

Fundi alipanda ngazi, akaingiza mkono ndani ya injini hadi begani, akatulia. Kisha akaanza kucheka peke yake.

Rubani alishuka, akavua kofia, akaigeuza kama bakuli, akamkabidhi binti.

"Kinga, mkubwa," alisema. "Taratibu."

Yai la kwanza lilikuwa bado na joto.